Printa ya 3D inayojitengenezea vipuri: kwa nini kila kipuri hudumu muda mfupi kuliko kilichotangulia?

#1 Mchapaji wa Sinza

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo linalonisumbua tangu mwaka jana. Nina karakana ndogo hapa Sinza, Dar es Salaam, ambamo ninachapa vitu vya plastiki kwa printa ya 3D: gia za blenda, vishikio vya mapazia, vifuniko vya rimoti, na sampuli za wanafunzi wanaofanya miradi ya mwaka wa mwisho. Printa yangu ilikuja na mkono wa ekstruda uliomiminwa kiwandani. Huu ni ule mkono wenye springi unaoibana filamenti (uzi wa plastiki ya kuchapia) kwenye gia ya mota ili isukumwe kwenda kwenye nozeli, yaani mdomo unaotoa plastiki iliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka. Ulidumu miaka miwili kasoro kidogo, kisha ukapata ufa. Kabla haujakatika kabisa niliufunga kwa waya, nikapakua faili la mkono wa namna hiyo, na mashine ikajichapia kipuri chake yenyewe. Siku ile nilifurahi sana, kwa sababu kuagiza kingine kutoka China kungenigharimu wiki kadhaa za kusubiri.

Mkono wa kwanza niliouchapa ulidumu miezi mitano. Wa pili ulidumu miezi mitatu. Wa tatu umevunjika juzi baada ya wiki saba, tena kwa mlio mkavu kama kijiti. Faili ni lilelile, plastiki ni PLA ya aina ileile, na mipangilio sikuigusa. Kilichobadilika ni kimoja tu: mkono wa pili ulichapwa na mashine iliyokuwa ikitumia mkono wa kwanza, na wa tatu ulichapwa na mashine iliyokuwa ikitumia wa pili. Dai langu ni kwamba mashine inayojitengenezea vipuri huvirithisha kasoro zake, kama fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine, ambayo kila mara hufifia zaidi. Je, kuna mwenye maelezo bora?

#2 Chaji Kamili

Pole, mkuu. Mfano wa fotokopi haukubaliki hapa, kwa sababu hukuuchapa mkono wa tatu kwa kuutazama wa pili. Yote mitatu umeichapa kutoka kwenye faili moja, na faili halichakai. Fotokopi ingekuwa pale ambapo ungeupima mkono uliovunjika kwa kalipa, ukachora upya, ukachapa, kisha ukaupima huo tena.

Mimi ningemshuku mota. PLA huanza kulainika inapokaribia nyuzi joto 60, na mota ya ekstruda iliyofanya kazi saa sita mfululizo katika chumba kisicho na feni, kwa joto la Februari la jiji hili, haishikiki kwa mkono. Mkono wako umebanwa kwenye mota hiyohiyo huku springi ikiuvuta bila kupumzika. Plastiki iliyo chini ya mzigo wa kudumu hulegea polepole hata kabla haijafikia joto la kulainika.

#3 Binti Mtoni

Ninaheshimu maelezo ya #2, lakini kitu kilicholegezwa na joto hupinda. Hakivunjiki kwa mlio mkavu. Mleta uzi, tuambie: ufa ulifuata mistari ya matabaka au uliyakata? Ukiwa umeuchapa mkono ukiwa umesimama, basi springi inavuta tabaka moja litengane na jingine, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko pote kwenye kitu kilichochapwa. Mkono wa kiwandani haukuwa na matabaka kabisa, kwa hiyo miaka yake miwili haiwezi kulinganishwa na miezi yako mitano.

#4 Mchapaji wa Sinza

Asanteni. Nimeitoa mikono yote kwenye kopo na kuitazama kwa lenzi. Wa kwanza na wa pili ilipasuka ikifuata matabaka, kama Binti Mtoni alivyotabiri, kwa maana niliichapa ikiwa imesimama. Wa tatu haukufuata matabaka. Ufa wake umeanzia kwenye tundu la skrubu na kukata matabaka kwa mshazari.

#5 Mwanafunzi Mlimani

Nilisoma suala hili kwa ajili ya andiko langu, na ningependa kuongeza chanzo chake, kwa sababu swali la #1 ndilo lililozizaa printa tunazozitumia mezani. Mwaka 2005, Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap, wenye lengo la kuunda mashine itakayochapa sehemu kubwa ya vipuri vyake yenyewe, na michoro yake akaitoa bure kwa yeyote. Mashine ya kwanza iliitwa Darwin. Tarehe 29 Mei 2008, Darwin iliyoundwa kwa vipuri vilivyochapwa na Darwin nyingine ilikamilika pale Bath, na dakika chache baadaye ikachapa kipuri cha kwanza cha mjukuu. Baada yake zikaja Mendel na Huxley, nazo pia zina majina ya wanabiolojia, kwa kuwa waundaji walilifikiria jambo hili kama uzazi.

Hata hivyo, Bowyer hakudai kwamba mashine hujizaa peke yake. Alitumia mfano wa ua na mdudu: ua humpa mdudu chakula, na mdudu hulisaidia ua kuzaa. Mashine humpa binadamu bidhaa, na binadamu huiunganishia vipuri vyake. Vipuri vilivyochapwa vya Darwin vilikuwa karibu nusu ya vipuri vyote, ukiacha skrubu na nati. Mota, fito za chuma, mikanda, bodi ya umeme na nozeli vilinunuliwa.

Kuhusu fotokopi, jibu la #2 lina mizizi mirefu. Mwanahisabati John von Neumann, aliyefariki mwaka 1957, alionyesha kwamba mashine inayojinakili inahitaji maelezo yake yaliyoandikwa, na maelezo hayo yatumike kwa njia mbili: yasomwe kama maagizo ya kujenga, kisha yanakiliwe yalivyo bila kusomwa. Faili la mchoro linafanya hivyo. Mwili unaweza kupata kasoro, lakini maandishi yanabaki.

#6 Nanga Kigamboni

Shukrani kwa somo, ila Bowyer hakubuni uchapaji huu wa kuyeyusha plastiki tabaka juu ya tabaka. Njia hiyo ni ya Scott Crump wa Marekani, aliyeiombea hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1989 na kuanzisha kampuni ya Stratasys. Hataza ilipokwisha mwaka 2009 ndipo mashine za bei nafuu zilipofurika. Bila hataza kwisha, printa ya Sinza isingekuwepo.

#7 Mwanafunzi Mlimani

Sahihisho limepokelewa. Nilikusudia mashine inayojichapia vipuri, nami nilipaswa kutenganisha mambo hayo mawili. Hata hivyo RepRap ilitangulia kwisha kwa hataza, na mashine nyingi zilizofurika baadaye zilijengwa juu ya michoro yake, hasa ile aliyoirahisisha Josef Prusa wa Jamhuri ya Czech kuanzia mwaka 2010.

#8 Mkereza wa Gerezani

Vijana wangu, nimekereza vyuma pale mtaa wa Gerezani kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninataka kumtetea mleta uzi. Mnasema faili halichakai. Ni kweli, lakini faili halikati wala halichapi. Anayefanya kazi ni mashine, na mashine iliyolegea hutoa kazi iliyolegea. Mashine yangu ya kukereza ikiwa na kasoro kwenye skrubu kuu inayosogeza kisu, kila skrubu nitakayoikata itakuwa na kasoro hiyo, na skrubu hiyo nikiirudisha ndani ya mashine, basi kasoro inazaa kasoro. Hili halihitaji andiko la chuo.

Lakini pia mjue kwamba mafundi walipata njia ya kutoka humo. Henry Maudslay kule London, karibu na mwaka 1800, aliboresha mashine ya kukata skrubu hadi skrubu mpya ikawa bora kuliko ile iliyoikata. Joseph Whitworth alieneza kazi ya kupata bamba la chuma lililonyooka kabisa kwa kulinganisha mabamba matatu, mawili mawili kwa zamu, na kukwangua palipoinuka. Mabamba mawili peke yake yanaweza kudanganyana, moja likabonyea na jingine likavimba, yakalala pamoja vizuri. La tatu ndilo linalofichua uongo. Kwa hiyo mashine inaweza kutengeneza kipuri bora kuliko chake, ila kwa mkono wa mtu anayepima. Mleta uzi, wewe ulipima nini kabla ya kuufunga mkono wa pili?

#9 Mchapaji wa Sinza

Shikamoo mzee. Sikupima. Ulionekana sawa kwa macho, nikaufunga.

#10 Mwanafunzi Mlimani

Shikamoo mzee. Ninaomba kutofautiana nawe kwa heshima kuhusu urefu. Kwenye printa nyingi za mezani, vipimo vya mlalo havitoki kwenye vipuri vilivyochapwa. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na bodi huigawa kila hatua mara 16, zikawa 3200. Puli ina meno 20 na mkanda una umbali wa milimita 2 kati ya jino na jino, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 40. Ukigawa, unapata hatua 80 kwa kila milimita. Rula ya mashine imo ndani ya mota, puli na mkanda, na vyote hivyo vinanunuliwa. Hata gia ya plastiki iliyochapwa vibaya ina idadi ileile ya meno, na meno huhesabiwa, hayapimwi. Kizazi cha kumi kitakuwa na milimita ileile ya kizazi cha kwanza.

#11 Mkereza wa Gerezani

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni safi na nimeikubali. Sasa niambie, pembe nayo huhesabiwa kwa meno gani?

#12 Binti Mtoni

Mzee amegusa penyewe. Urefu wa kila upande unahesabiwa na mota, lakini hakuna mota inayohesabu pembe kati ya pande hizo. Pembe inatokana na fremu, na kwenye mashine za ukoo wa RepRap kona za fremu zimeshikwa na vipuri vilivyochapwa. Fremu ikiegemea upande, kila kona itakayochapwa itaegemea vilevile.

Mchapaji, chapa mraba mwembamba wa milimita 100 kwa 100, kisha pima mishazari yote miwili. Kila mmoja unapaswa kuwa 141.4. Ukipishana, fremu yako imekaa upogo.

#13 Fundi Skana

Ninasogea kando kidogo. Walioko hapa Dar watakumbuka kwamba vijana wa kituo cha ubunifu cha Buni Hub pale Kijitonyama, kwenye jengo la COSTECH, waliunda printa ya 3D kwa taka za kielektroniki, na kabla yao Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alifanya hivyo mwaka 2013. Mimi nilijaribu njia hiyo kwa skana mbovu nilizonunua Kariakoo. Fito za chuma zilikuwa nzuri mno, zimenyooka kuliko zile nilizokuwa nikiuziwa madukani. Mota ndizo zilizonikwamisha, kwa sababu nyingine zilikuwa na hatua 48 kwa mzunguko badala ya 200, na mraba wangu wa kwanza ukatoka mrefu upande mmoja zaidi ya mara mbili ya mwingine. Kwa hiyo hesabu ya #10 ni ya kweli pale tu unapoijua mota yako.

Vishikio vya fito hizo nilichapiwa na rafiki mwenye printa. Ndipo nilipoelewa maana ya ukoo: mashine yangu ni mtoto wa mashine yake, na nyundo ndiyo iliyokuwa mkunga.

#14 Mama Cherehani

Mimi si fundi wa printa, ninashona Tandika, lakini gia ya cherehani yangu ilichapwa na kijana wa mtaani kwetu na ilivunjika mara mbili. Mara ya tatu aliiacha filamenti ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kisha akachapa. Gia hiyo inafanya kazi mpaka leo. Aliniambia kwamba plastiki ilikuwa imelowa kwa hewa ya masika ingawa haikuguswa na maji. Mikono yako mitatu ilichapwa miezi gani?

#15 Mchapaji wa Sinza

Mama, swali lako limenistua. Wa kwanza niliuchapa Agosti. Wa pili niliuchapa Januari. Wa tatu niliuchapa mwezi Aprili, mvua ikinyesha karibu kila siku, na rola la filamenti lilikuwa limening'inia juu ya mashine bila mfuko. Ninakumbuka nozeli ilikuwa ikitoa mlio mdogo wa kupasuka-pasuka, nami nikadhani ni kawaida.

#16 Chaji Kamili

Mlio huo ni maji yanayogeuka mvuke ndani ya nozeli. Mvuke huacha vitundu ndani ya plastiki, na PLA iliyoyeyushwa ikiwa na maji hukatika minyororo yake ya molekuli, ikawa rahisi kuvunjika. Hili linaeleza mlio mkavu wa mkono wa tatu kuliko nadharia yangu ya joto, na ninakiri hivyo. Halielezi wa kwanza, uliochapwa Agosti, wakati wa ukavu. Rola likaushwe kwa nyuzi joto 45 hadi 50 kwa saa kadhaa, na usizidishe, kwa sababu rola zima litashikana.

#17 Nanga Kigamboni

Kabla hatujamaliza na unyevu: skrubu ya mkono uliifungaje? Watu wengi huongeza nguvu kila wanapofunga kipuri kipya, kwa hofu kwamba cha zamani kilivunjika kwa sababu kililegea. Ufa ulioanzia kwenye tundu la skrubu unanielekeza huko.

#18 Mchapaji wa Sinza

Ni kweli, niliikaza zaidi. Tena kwenye mkono wa pili na wa tatu nilitia gundi ya kufungia nati ili skrubu isilegezwe na mtetemo.

#19 Fundi Skana

Gundi hiyo! Inajulikana kwamba hupasua plastiki za ABS na polikaboneti zilizo chini ya mvuto. Niliharibu vishikio vinne vya ABS kwa njia hiyo, na nyufa zilitokea usiku, mashine ikiwa imezimwa. Weka nati ya shaba inayopachikwa kwa moto ndani ya plastiki, na utaachana na gundi.

#20 Binti Mtoni

Fundi Skana, ABS na polikaboneti ni kweli, lakini mleta uzi ametumia PLA, na si haki kuihukumu PLA kwa ushahidi wa plastiki nyingine. Mkono wa kwanza haukupakwa gundi na ulivunjika pia. Mimi bado ninashikilia matabaka kwa miwili ya kwanza.

Watu wa Prusa pale Prague wana mamia ya printa zinazochapa vipuri vya printa nyingine, na kwa miaka mingi vipuri hivyo vilichapwa kwa plastiki iitwayo PETG badala ya PLA. PETG huanza kulainika karibu na nyuzi 80, na hukubali kupinda kidogo kabla ya kukatika.

#21 Mchapaji wa Sinza

Nimechapa mraba. Mshazari mmoja ni milimita 142.0 na mwingine ni 140.8.

#22 Mwanafunzi Mlimani

Hiyo ni takriban nusu digrii ya upogo. Mzee, ulikuwa sahihi kuhusu pembe, na mimi niliipuuza. Hata hivyo sioni jinsi nusu digrii inavyoweza kuvunja mkono wenye urefu wa sentimita chache.

#23 Mkereza wa Gerezani

Inaweza. Tundu la skrubu likiegemea, kichwa cha skrubu hukaa kwa ukingo mmoja, na nguvu yote ya kukaza inakwenda kwenye ukingo huo. Kijana amekaza kupita kiasi, juu ya plastiki yenye unyevu, kwenye tundu lililoegemea. Mnagombea sababu moja, na mimi ninaona zimeshikana mikono.

Nimeuchonga mkono wa alumini kwa vipimo vya faili lako. Unaweza kuupitia kesho, sitaki malipo.

#24 Mchapaji wa Sinza

Mzee, Mungu akubariki, nitaupitia asubuhi. Pamoja na huo, usiku huu ninachapa mkono wa nne kwa PETG iliyokaushwa, nikiwa nimeulaza chali badala ya kuusimamisha, nimeinyoosha fremu kwa guniya (kifaa cha kupimia pembe mraba), na nitaufunga bila gundi.

#25 Mama Cherehani

Mwanangu, umebadilisha vitu vyote kwa pamoja. Ukidumu miaka miwili, utatuambia kilichokuwa kinavunja ni nini?

#26 Mwanafunzi Mlimani

Mama amenena. Ninaomba mkono wa PETG na ule wa alumini vikae kwanza kwenye droo. Chapa PLA iliyokaushwa, ikiwa imesimama kama awali, kwa fremu ileile yenye upogo, bila gundi, na skrubu ikazwe kama ulivyozoea. Ukivunjika mapema, unyevu na gundi vimeondolewa kwenye orodha. Ninajitolea kuja na kupima ufa kila Jumamosi.

#27 Mkereza wa Gerezani

Na wateja wake wale nini wakati huo? Kijana ana gia za watu za kuchapa. Afunge wa alumini kwenye mashine ya kazi, na hayo majaribio yafanyike kwa mashine ya Fundi Skana, ambayo ni ya kujifunzia.

#28 Fundi Skana

Nimekubali, niletee faili. Ila mota zangu za ekstruda ni za hatua 48, na springi yangu ni ngumu kuliko yenu, kwa hiyo matokeo yake yatakuwa ya mashine yangu.

#29 Mchapaji wa Sinza

Fremu nimeirudisha ilivyokuwa, mishazari inasoma 142.0 na 140.8 tena. Wa alumini utafungwa kesho kwa ajili ya kazi za wateja, na kila Jumapili nitaufungua na kufunga wa majaribio. Nimeanza kuchapa wa PLA iliyokaushwa saa moja usiku huu, kwa kutumia mkono wa tatu niliouunga kwa waya wa shaba. Umebakiza saa moja na dakika kumi, umeme ukiendelea kuwaka.